Ukurasa wa Pili

Kakamega, 4 Machi 1968

Mdogo wangu Patroba,

Pokea salamu za dada yako, ambaye hujamwandikia hata mstari tangu chuo kifungwe, kana kwamba ni mimi niliyekifunga. Mimi mzima, na mtoto wangu Kageha mzima. Mvua ya mawe imetoboa bati la jikoni na mwenye nyumba anasema ni mapenzi ya Mungu. Habari zenu nazipata kwa watu wa Lugari wanaokuja soko la hapa mjini. Wanasema unazunguka shambani na kitabu mkononi na Baba anakupita kama mgeni.

Nakuandikia juu ya fomu. Kama haijafika kwa chifu wenu, itafika wiki hii. Naijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyepiga taipu stensili yake hapa katika ofisi ya serikali, kisha nikatoa kopi mpaka vidole vikawa vyeusi. Ina maswali tisa. Chini kunatakiwa kidole au sahihi ya mzazi, sahihi ya chifu, sahihi ya mwenyekiti wa tawi la chama, na mwisho yako mwenyewe. Mwanafunzi asiye na fomu hiyo harudi chuoni kitakapofunguliwa Mei.

Swali la saba ndilo litakalokusumbua, nakujua ulivyo. Linasema: Taja jina la mwalimu au mtu mwingine aliyekushawishi kugoma. Patroba, nakuomba uandike jina. Mstari mmoja tu, usianze kueleza mambo kama ulivyozoea. Kila mtu anajua ni jina la nani linalotafutwa. Wewe umebakiza muhula mmoja na nusu upate shahada, mtoto wa kwanza katika skimu nzima ya mashamba, na Baba ameuza maneno mengi sana kwa majirani juu ya siku hiyo.

Barua zako usizipeleke ofisini. Elekeza kwa sanduku la posta la duka la Beldina, yeye ananiwekea. Na usinijibu ukiwa na hasira.

Dada yako,
Mideva


Lugari, 13 Machi 1968

Dada Mideva,

Ni kweli sikukuandikia. Nilikuwa nangoja nipate la kusema ambalo si malalamiko, na sijalipata, basi pokea malalamiko.

Kila Jumatatu na Alhamisi nakwenda kambi ya chifu kutia sahihi kwenye daftari kuonyesha kwamba nipo. Ni mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi. Nikifika nakaa kwenye benchi pamoja na watu waliokamatwa na pombe, tunangoja wote. Kuvuka mto Kipkarren siruhusiwi. Wiki iliyopita nilitaka kwenda Turbo kununua wino nikaambiwa niombe barua, na barua ikachukua siku nne. Jioni nakaa nje nawaangalia ng'ombe wa Baba wakirudi, nao wanafika mbali kuliko mimi.

Fomu imefika. Baba ameshaweka kidole chake bila kuuliza imeandikwa nini. Yeye haelewi kabisa, na siwezi kumlaumu. Anasema serikali ndiyo iliyompa shamba alilokuwa akilima kwa Mzungu kama kibarua, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayonisomesha, sasa nilimgomea nani? Kadi ya chama anakwenda nayo hata kupalilia, ndani ya mfuko wa koti.

Kuhusu swali la saba, nisikilize. Sisi wanafunzi tulialika mzungumzaji kutoka chama kile kingine aje kwenye mdahalo, kwa kuwa mwezi uliotangulia alikuja mmoja wa chama hiki kinachotawala. Tukakatazwa. Tukakaa siku tatu bila kuingia darasani. Hayo ndiyo yote. Mwalimu Cornelius, anayetufundisha historia, alikuja bwenini siku ya pili na mwavuli wake, akatuambia turudi darasani, kwamba swali halijibiwi kwa kukaa kitandani. Tulimzomea. Mimi pia nilimzomea, Dada. Sasa unataka niandike kwamba yeye ndiye aliyenishawishi.

Najua kwa nini wanamtaka. Anafundisha mambo yanayowawasha. Huko chuoni siku hizi hata meza za kulia zimegawanyika, hawa wa chama hiki na wale wa kile, na yeye alikuwa anakaa meza yoyote yenye nafasi. Watu wa pande zote mbili walimchukia kwa hilo.

Sitaandika jina lake. Msalimie Kageha.

Patroba


Kakamega, 25 Machi 1968

Patroba,

Barua yako nimeisoma mara mbili dukani kwa Beldina nimesimama nyuma ya magunia ya chumvi. Nimeumia kukuona umekaa kwenye benchi hilo. Lakini bado nasema andika.

Kuna mambo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Naomba uniamini mara hii moja, mimi niliyekubeba mgongoni wakati Mama akienda kuchuma chai ya watu. Jina utakaloliandika halitamwongezea yule mwalimu uzito wowote. Ukiliacha, halitampunguzia. Hiyo nafasi nyeupe unayoilinda haimlindi mtu.

Wenzako wanajaza. Fomu zinarudi kwetu kila siku ndani ya bahasha za kahawia na mimi ndiye ninayeziorodhesha. Yule Kipruto mliyekuwa mkilala naye chumba kimoja, yake imefika siku nyingi. Ameandika kwa herufi kubwa. Nimekuambia hilo ili ujue kwamba hakuna anayekungoja uwe shujaa.

Mahindi yenu yamepandwa? Huku mvua ni kila alasiri, saa nane kamili, unaweza kurekebishia saa.

Mideva


Lugari, 3 Aprili 1968

Dada,

Umeniambia nisijibu kwa hasira, basi nilingoja siku tano, na hasira bado ipo. Naona ofisi imekuingia. Miaka minne ya kupiga taipu maneno ya watu wengine na sasa unaniambia uongo hauna uzito. Kama unaogopa kupoteza kazi kwa sababu ya ndugu mkaidi, sema hivyo, nitaelewa. Usinivike maneno ya mafumbo.

Fomu nilimpelekea chifu Jumatatu. Nimejaza yote isipokuwa la saba, na sahihi yangu sikuweka. Akaivuta karibu na macho. Akaniambia, "Wewe kijana, mimi sina shida na wewe. Unasomanga sana, hiyo tunajua. Baba yako ni mutu yetu. Lakini hii namba saba mbona umeachia upepo?" Nikamwambia sina mtu wa kumtaja. Akacheka, kicheko cha kweli, kama mtu aliyesikia mtoto akisema kitu cha kuchekesha. Akaiweka kwenye droo. "Haraka iko wapi," akasema. "Wewe utakujanga tu Jumatatu na Alhamisi."

Sikupenda kicheko hicho na mpaka leo sijakielewa.

Jambo moja limenishangaza. Baba amelegea kidogo. Juzi alinipigia hodi chumbani, akakaa kitandani, akasema nisiwe na wasiwasi, mambo yangu ameshayatengeneza kwa chifu tangu Februari. Nikamuuliza ametengeneza vipi, akatabasamu akaondoka. Nadhani alimpelekea ingokho. Namwonea huruma, kuku mzima kwa ajili ya mtu anayecheka hivyo.

Mimi sina nguvu yoyote hapa. Siwezi kuvuka mto, siwezi kununua wino. Nina nafasi ile nyeupe tu kwenye fomu, na hiyo sitaitoa.

Patroba


Isecheno, 16 Aprili 1968

Ndugu Patroba,

Nakuandikia kutoka nyumbani kwa kaka yangu Cleophas, anayefanya kazi katika kitalu cha miche hapa stesheni ya msitu. Nimeambiwa nikae hapa, nisitoke mpaka nitakapoitwa. Sidhani nitaitwa. Kazi yangu ya chuoni imekwisha. Barua ya kunifukuza ina mistari mitatu na makosa mawili, na nilijizuia sana nisiyasahihishe.

Kabla ya barua hiyo niliketishwa mbele ya watu sita. Walisema wana ushahidi kutoka kwa mwanafunzi wangu mwenyewe, wakanisukumia karatasi moja. Hawakunitajia ni nani. Hawakuwa na haja. Mwandiko huo nimeusahihisha miaka mitatu, mistari yake inapanda kuelekea kulia kama mtu anayepanda vilima vya Maragoli.

Nakunukuu: "Mwalimu Cornelius anasema chama si nchi. Anasema mtu anaweza kukikataa chama na bado akaipenda nchi, na anayekuambia vingine hataki aulizwe. Anasema tuanze kuuliza nyumbani, tuwaulize wazee wa skimu walipataje mashamba na ni nani waliokosa." Ni muhtasari mzuri wa somo langu la Oktoba. Ningeulizwa kama nilisema hayo ningelazimika kukubali, na niliulizwa, nikakubali. Ungekuwa mtihani ningekupa sabini na mbili. Ningekukata alama chache kwa kutotaja kwamba niliwaambia mrudi darasani.

Sikulaumu. Nimeona fomu yao na ninajua wanafunzi wamewekwa wapi. Una mzazi, una shahada ya kukamilisha. Ila tumekunywa chai pamoja mara nyingi, wewe na mimi, na ningependa ungeniambia kwanza. Nilihisi vibaya kusoma jambo hilo mbele ya watu wasionipenda. Nasema hivyo mara moja na sitarudia.

Usinijibu. Barua zinazonifikia huwa zimeshafunguliwa. Hii ataipeleka Cleophas kwa mkono mpaka Khayega. Siku zangu zinapita nikijaza udongo kwenye vikopo vya miche, na asubuhi mbega wanapiga kelele juu ya paa mpaka nasahau kwamba hakuna darasa.

Maliza masomo yako.

Cornelius


Lugari, 24 Aprili 1968

Dada Mideva,

Nimepata barua kutoka kwa Mwalimu. Imenifikia kwa mikono, usiulize ya nani. Anasema alionyeshwa karatasi iliyoandikwa na mimi. Kwa mkono wangu. Anaamini nimemtoa.

Mimi sijaandika kitu. Unasikia? Fomu yangu imelala kwenye droo ya chifu na swali la saba halina hata nukta. Hakuna mtu niliyempa karatasi. Na maneno aliyonukuu ni yangu, nayakumbuka, ni namna yangu ya kusema. Nimekesha nikijiuliza kama nina wazimu.

Wewe unafanya kazi mahali karatasi hizo zinapopita. Niambie zilitoka wapi. Safari hii usiniambie nikuamini tu.

Patroba


Kakamega, 2 Mei 1968

Mdogo wangu,

Kaa chini ndipo usome.

Tarehe ishirini na mbili Februari, kabla fomu haijatengenezwa, mkubwa wangu aliniwekea karatasi mezani akataka nakala tatu. Niliujua mwandiko kabla sijasoma neno. Niliposoma nikaijua na barua yenyewe. Ni ile uliyomwandikia Baba mwezi wa Oktoba.

Mimi nilikuwepo nyumbani Jumapili ile ilipofika, wewe hukuwepo, basi nikusimulie. Unajua kwetu barua ya mtu anayesoma mbali si ya mtu mmoja. Baba haisomi, na hata angejua kusoma asingekubali kuifungua peke yake. Mama Jael wa shule ya Jumapili alisimama baada ya matangazo ya kanisa akaisoma kama anavyozisoma zako zote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na ng'ombe. Alipofika pa chama si nchi, watu wakasogea mbele vitini. Wazee wakamwambia arudie. Akarudia. Baba alikuwa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, akitazama mbele kama anayepigwa picha. Njiani kurudi akaniambia, "Umesikia vile mutoto anaandikanga? Mwalimu wake anamwambianga mambo ya watu wazima."

Barua hiyo haikuibwa, Patroba. Baba aliipeleka mwenyewe. Chuo kilipofungwa na watu wakaanza kusema mtoto wa Hezekiah ameharibika, alifungua kasha lake la bati, akatoa barua zako zote kumi na moja, akazifunga kwa kitambaa, akazipeleka kwa chifu. Akamwambia, "Someni nyinyi wenyewe muone kama huyu ni mutoto mubaya." Wengine hupeleka barua ya mwalimu mkuu kuonyesha tabia ya mtoto. Yeye alipeleka kilicho chake cha thamani. Ndiko kutengeneza mambo alikokuambia. Haikuwa ingokho.

Chifu alizisoma zote. Ukurasa wa kwanza wa barua ya Oktoba, ule unaoanza na Mpendwa Baba na kuuliza habari za ndama, aliuacha. Aliutuma wa pili peke yake.

Na mimi nikaupiga taipu. Ningeweza kusema mashine imeharibika. Ningeweza kumwaga wino. Mkubwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na mimi nikaogopa, nikatoa nakala tatu bila kosa hata moja. Ndiyo maana nilikuambia uandike jina. Nilijua limeshaandikwa, na nilitaka angalau wewe urudi masomoni. Nilitaka pia usijue. Naona aibu mpaka sasa nikiandika haya.

Baba asiambiwe kamwe. Anaamini barua zako ndizo zinazokuokoa. Akijua zimefanya nini hataweza kukaa tena kwenye kiti kile cha mbele. Na chifu ametuma neno ofisini kwamba usipotia sahihi itabidi aulizwe mzee aliyekuwa akisomesha maneno hayo kanisani. Shamba la skimu bado lina masharti yake, unajua. Fomu yako inakusubiri wewe tu.

Mideva


Lugari, 10 Mei 1968

Dada,

Nimetia sahihi.

Chifu alifungua droo bila kutafuta, ilikuwa juu ya nyingine zote. Kwenye swali la saba palikuwa na jina tayari, kwa mwandiko wake, kwa wino wake. Nililiangalia nikakumbuka nilivyokuambia kwamba sitaitoa nafasi ile.

Baba alikuja nami. Alisimama mlangoni kofia mkononi. Nilipoweka kalamu chini, chifu akamwambia, "Hezekiah, hizo barua yako zimesaidia sana." Akamrudishia kitambaa na barua zilizobaki. Baba akatabasamu, meno yote. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu siku tulipokabidhiwa shamba hili. Akanishika mkono hadi barabarani kama mtoto mdogo, na mimi nikamwachia.

Hasira yangu kwako imekwisha, sijui imekwenda wapi. Ningekuwa kwenye kiti chako sijui ningefanya nini. Zamani nilikuwa najua.

Naomba kitu kimoja. Mimi kuvuka mto siruhusiwi mpaka siku ya basi la chuo, na kumwandikia Mwalimu ni kumwongezea matatizo. Nenda Isecheno, stesheni ya msitu, yuko kwa kaka yake kwenye kitalu cha miche. Mwambie kwa mdomo kwamba alichoonyeshwa ni ukurasa wa pili, na kwamba wa kwanza unaanza na Mpendwa Baba. Huna haja ya kumweleza zaidi. Yeye ni mtu wa historia, alitufundisha kuuliza kila karatasi iliandikiwa nani. Ataelewa hapo hapo.

Nataka ajue hilo tu.

Patroba


Kakamega, 27 Mei 1968

Patroba,

Naandika kwa anwani yako ya chuoni. Natumai ulifika.

Nilikwenda. Nilimwachia Beldina mtoto, nikapanda gari hadi Khayega, nikatembea kupitia Shinyalu mpaka miti mikubwa ilipoanza. Njia nzima nilikuwa nayasema maneno yako kwa sauti ndogo nisiyasahau, ukurasa wa pili, ukurasa wa pili, mpaka mama mmoja mwenye kuni akanitazama.

Nilimwona. Alikuwa amepiga magoti kwenye kitalu pamoja na kaka yake, anajaza udongo kwenye vikopo, amevaa suruali nzuri ya chuoni iliyoharibika magotini. Nilikuwa hatua kama kumi kutoka kwake. Ndipo nikasikia jina langu. Barazani alikuwa amekaa mtu wa ofisi yetu, mmoja ambaye barua zake za safari mimi ndiye ninayezipiga taipu. "Mideva, umepotea njia?"

Nikasema nimekuja kutafuta miche ya mtarakwa kwa ajili ya ua wa mama mkwe wangu. Sijui ilinitoka wapi. Akacheka, akamwita mwalimu wako, akamwambia, "Huyu mama apewe miche." Mwalimu Cornelius akasimama, akajifuta mikono, akanichagulia mitatu. Akaniambia niimwagilie jioni, si mchana. Anaongea taratibu, kama ulivyosema. Alinitazama usoni na hakujua mimi ni nani. Mtu wa ofisi alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia tukipumua.

Nikasema asante. Nikaondoka.

Nina mtoto, nina kazi, na kazi hiyo ndiyo inayolipa mafuta ya taa nyumbani. Nimeyasema hayo moyoni tangu Shinyalu hadi mjini na hayakunisaidia. Nisamehe. Sidhani nitaweza kurudi, sasa ameshaniona pale.

Miche nimeipanda nyuma ya nyumba. Mmoja umekauka.

Mideva


Bweni la Tatu, Chuoni
9 Juni 1968

Mpendwa Baba,

Natumai u mzima. Mimi mzima. Nilifika salama na nimepewa chumba changu kile kile pamoja na Kipruto. Chakula ni kizuri. Tunasoma kwa bidii. Walimu wetu ni wema na wanafuata mtaala. Tunaishukuru serikali kwa kutusamehe na kuturudisha masomoni.

Wasalimie watu wote wa kanisa, na chifu.

Sina mengine.

Mwanao mtiifu,
Patroba


Lugari, 30 Juni 1968

Mwanangu Patroba,

Ni mimi baba yako ninayesema, Jael ndiye anayeandika. Ameniambia niseme polepole, na yeye anakusalimu.

Sisi tuko salama. Mahindi yamefika kiunoni na ndama uliyekuwa unamuulizia ameshakuwa ng'ombe. Barua yako ilifika Jumatano. Tukaiweka mpaka Jumapili, nikailaza chini ya Biblia isikunjike.

Nataka ujue watu walikuwa wengi. Hata wale waliokuwa wakisema maneno mwezi wa Februari walikuja. Chifu naye alikuja akakaa nyuma. Nilivaa koti langu. Nilikuwa nimewaambia wote tangu juma lililopita kwamba umerudi chuoni na sasa tutasikia yule mwalimu wako amesema nini mwaka huu, yule wa mambo ya nchi na chama. Wazee walinikumbusha wenyewe. Jirani yetu Musimbi alimtoa mtoto wake nje asilie.

Jael akasimama akasoma. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nakaa vizuri, nikaona amenyamaza. Watu wakadhani anapumzika. Nikamwambia endelea. Akasema imekwisha, Mzee. Nikamwambia ageuze karatasi, kwa sababu wewe siku zote unaandika mbele na nyuma na karatasi nyingine juu yake. Akaigeuza akaniinulia. Mimi sijui kusoma, lakini niliona hakuna kitu.

Mwanangu, kama karatasi ni shida niambie nikutumie. Kama ni mimi nimekukosea, sema. Zile barua zako za zamani ninazo, ila ile ya Oktoba imerudi na ukurasa mmoja, chifu anasema mwingine umepotea njiani. Ulikuwa ndio mzuri. Ukiweza niandikie tena huo uliopotea, Jael ausome, watu wanauliza.

Ni mimi baba yako,
Hezekiah
(kidole chake)